Vijana na dini: maswali yanayorudi kila siku na majibu yake

Haya ni maswali ambayo ukiwakalisha pamoja vijana, wazazi na viongozi wa dini utayasikia tu, mara nyingi kwa sauti ya juu. Nimeanza na ya msingi nikamalizia na yale magumu ya pembeni. Sio lazima usome yote, ruka uende kwenye lako, ila kama umekuja kubishana na takwimu basi anza na swali la kwanza.

## Mambo ya msingi

Hivi ni kweli vijana wanaacha dini au ni maneno tu ya wazee?

Inategemea unaulizia nini, maana hapa watu wanachanganya vitu vitatu. Kuna kujitambulisha, yani nikikuuliza wewe dini gani unanijibu nini. Kuna kuamini, kwamba Mungu yupo, kuna maisha baada ya kifo na kadhalika. Halafu kuna kushiriki, unaenda ibada, unafunga, unasali. Kijana anaweza akaacha kimoja akabaki na viwili, ndio maana mtu anakuletea takwimu kwamba dini inakufa na mwenzake anakuletea nyingine kwamba imani iko palepale na wote wawili wako sahihi.

Kwenye kujitambulisha, kushuka kupo na kwa kasi, hasa nchi tajiri. Marekani mwaka 2007 watu wazima 78% walijiita Wakristo, kwenye utafiti wa 2023-24 wa Pew Research Center (shirika la utafiti la Marekani) wamebaki 62%, na ukichukua wenye miaka 18 mpaka 24 peke yao ni 46%, huku 43% wakisema hawana dini. Uingereza na Wales kwenye sensa ya 2021 Wakristo walikuwa 46.2%, mara ya kwanza kuwa chini ya nusu, wakati miaka kumi nyuma walikuwa 59.3%. Kwa hiyo wazee hawajazusha.

Ila mimi naona kinachobadilika zaidi ni nani anaruhusiwa kumwambia kijana aamini nini. Zamani dini ulikuwa unaikuta nyumbani kama ulivyolikuta jina la ukoo, sasa kijana anataka achague mwenyewe, hata pale anapoishia kuchagua ileile ya wazazi wake. Hilo utaliona likijirudia kwenye karibu kila jibu huko chini.

Si hayo ni mambo ya wazungu? Kwingine misikiti na makanisa yamejaa vijana

Nusu kweli. Pew mwaka 2018 walilinganisha walio chini ya miaka 40 na waliozidi hapo kwenye nchi 106, na kwenye nchi 46 vijana walikuwa wachache zaidi kusema dini ni muhimu sana kwao. Sehemu kubwa ya zilizobaki hakukuwa na tofauti ya maana. Zilizoenda kinyume, yani vijana kuwapita wazee, zilikuwa mbili tu, Ghana na Georgia (ile ya kwenye milima ya Caucasus, sio jimbo la Marekani).

Ukija kwenye idadi ya watu stori inageuka kidogo. Kati ya 2010 na 2020 Waislamu duniani waliongezeka kwa milioni 347, na mwaka 2020 karibu 31% ya Wakristo wote duniani walikuwa wanaishi Afrika kusini mwa Sahara, wakiwa wengi kuliko wa Ulaya. Sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watoto kuzaliwa, sio watu kuhama dini. Sasa huku kwingine Korea Kusini, ambayo sio ya wazungu hata kidogo, sensa ya 2015 ilikuta 56% hawana dini.

Nchi za Kiarabu ndio funzo zuri la kutokimbilia hitimisho. Arab Barometer, watafiti wanaopima maoni ya watu kwenye nchi hizo, waliona wanaojiita "sio wa dini" wametoka 8% mwaka 2013 wakafika 13% mwaka 2018-19, na vijana ndio walikuwa mbele, basi yakaandikwa makala mengi kwamba dini kwisha habari. Raundi ya 2021-22 vijana kwenye nchi kadhaa wakaonekana wamegeuka wanarudi. Mstari haunyooki.

Mtu akisema "sina dini" si ndio haamini Mungu?

Hapana, na hili ndio kosa linalorudiwa kuliko yote. Marekani hao 29% ya watu wazima wasio na dini ukiwagawa unakuta 5% tu ndio wanaosema moja kwa moja hawaamini Mungu, 6% wanasema haiwezekani kujua kama yupo au hayupo, na 19% wanajibu tu "hamna kitu maalum" (jumla inazidi kidogo kwa sababu namba zimekadiriwa). Kundi hilo la mwisho ndio kubwa na humo ndani kuna watu wanaosali kabla ya mtihani, wanaoamini kuna nguvu juu yetu, na wengine ambao hawajawahi kulifikiria hili jambo kwa dakika tano mfululizo.

Japani nako utakuta mtu anakuambia hana dini, halafu mwaka mpya yuko kwenye foleni ya hekalu la Shinto, na msiba ukitokea anaitwa kasisi wa Kibudha. Kwake yeye hapo hamna mgongano wowote.

"Mimi ni mtu wa kiroho ila sio wa dini" maana yake nini hasa?

Kwa kawaida mtu anamaanisha kwamba anahisi kuna kitu zaidi ya mwili na hela, anataka kuwasiliana nacho, ila hataki kuwa na uongozi juu yake, daftari la michango, wala mtu wa kumkagua. Pew mwaka 2023 walikuta Wamarekani watu wazima 22% wako kundi hilo.

Wengine wanalicheka, wanasema huko ni kuchagua nyama unaacha mifupa. Mimi naona kuna ukweli kidogo kwenye kejeli hiyo (kuna mtu "kiroho" chake ni mishumaa na nukuu za kuposti basi) lakini sio wote. Angalia njia ya Camino de Santiago kule Hispania. Ni hija ya Kikatoliki ya tangu karne za kati, na mwaka 2024 karibu watu 500,000 walipewa cheti cha kumaliza, na wengi wao wakiulizwa sababu hawasemi dini peke yake. Mtu anatembea wiki tano, malengelenge miguuni, analala kwenye mabweni na watu wanaokoroma, haendi hata misa. Huwezi kuniambia huyo anatafuta urahisi.

Si kila kizazi kiko hivi? Wakioa na kuzaa watarudi tu

Hoja hii ina msingi. Wataalamu wanatofautisha athari ya umri (ujana unakupoza, utu uzima unakurudisha) na athari ya kizazi (mliozaliwa miaka fulani mko hivyo na mtabaki hivyo). Zamani umri ulikuwa na nguvu, mtu anapotea akiwa na miaka 20 anarudi na mtoto wa kubatizwa akiwa na 28.

Shida ni mbili. Kwanza kuoa na kuzaa kwenyewe kumesogezwa mbele sana kwenye nchi nyingi, wengine hawaoi kabisa, kwa hiyo ule mlango wa kurudia haufunguki. Pili, Marekani ambako wamefuatilia tangu 2007, waliozaliwa miaka ya 1980 na 1990 wameshaingia utu uzima na hawajaonekana kupanda kuelekea walipo wazazi wao. Na kurudi kunataka uwe na pa kurudi, aliyelelewa bila dini kabisa atarudi wapi?

## Kwa nini

Sababu ni sayansi na kusoma sana?

Kwa wachache ndio. Kwa wengi nadhani sayansi inatajwa kwa sababu ndio jibu lenye heshima. Wanaotoka ukiwasikiliza vizuri wengi hawakutoka kwa kishindo, walichelewa wiki moja, mwezi ukapita, wakahamia mji mwingine kusoma, hamna aliyewapigia simu, basi ikaisha hivyo. Wengine waliuliza swali wakiwa na miaka 13 wakaambiwa "usimhoji Mungu" wakati walikuwa wanamhoji mwalimu tu. Hii ya pili binafsi naiona ndio inafukuza watu kimyakimya kuliko kitabu chochote cha biolojia.

Halafu kuna kashfa. Gazeti la Boston Globe la Marekani mwaka 2002 lilifichua jinsi mapadri waliodhulumu watoto kingono walivyokuwa wanahamishwa hamishwa badala ya kushtakiwa. Ufaransa tume huru mwaka 2021 ilikadiria watoto 216,000 walidhulumiwa na makasisi tangu 1950. Ireland Wakatoliki walishuka kutoka 79% sensa ya 2016 mpaka 69% sensa ya 2022. Siwezi kusema kashfa peke yake ndio ilifanya hivyo, ila kijana aliyekua anasikia hayo kwenye taarifa ya habari, ukimwambia atii kwa sababu tu huyo ni mtumishi atakutazama.

Na siasa. Pale ambapo viongozi wa dini wanasimama na chama kimoja, kijana asiyekipenda hicho chama anavitupa vyote viwili kwa pamoja.

Kwa hiyo maisha yakiwa mazuri Mungu anasahaulika?

Kuna nadharia hiyo, ya watafiti wawili, Pippa Norris na Ronald Inglehart, kwamba mtu akiwa na uhakika wa chakula, hospitali na pensheni hamu ya dini inapungua polepole kizazi kwa kizazi. Inaeleza vizuri nchi za Skandinavia. Marekani inaisumbua kwa sababu walikuwa matajiri muda mrefu bila kuacha dini, wao wawili wakajibu kwamba kule kuna utajiri lakini usalama wa maisha hamna. Amua mwenyewe.

Mitandao inawaharibu au inawajenga?

Vyote, tena kwa kijana yuleyule usiku mmoja. Chukua msichana wa miaka 17 yuko kitandani saa saba usiku, ana swali ambalo hawezi kumuuliza mtu yeyote anayemfahamu mama yake, labda kuhusu mwili wake, labda kwamba akisali hahisi chochote. Anaandika. Video ya kwanza ni mhubiri kijana mwenye maiki nzuri anamjibu kwa upole kwa sekunde arobaini. Ya pili ni mwingine wa dini hiyohiyo anamwambia aliyekujibu hivyo ni mpotoshaji. Ya tatu ni mtu aliyeacha hiyo dini anaeleza kwa nini. Kufika saa nane ameshakutana na maoni mengi kuliko bibi yake maisha yake yote, na hamna hata mmoja kati ya hao watatu anayejua jina lake.

Faida ni kwamba swali limepata pa kwenda. Hasara naiona mbili. Ile mifumo inayochagua uletewe video gani inapenda anayefoka, kwa hiyo wapole wenye elimu wanazama chini. Nyingine ni kwamba anayekujibu hatakuja kukuona ukiumwa. Ndio maana naona mitandao inafaa kwa swali la kwanza, ila swali la pili na la tatu tafuta mtu mwenye uso.

Programu za simu za sala na za kusoma maandiko nazo zimeshika sana, YouVersion ya Biblia ipo tangu 2008. Kabla hujaipa programu yoyote ya ibada ruhusa ya kujua uko wapi, soma wanafanya nini na hiyo taarifa, maana dini yako ni taarifa nyeti kama ya afya.

Na hela? Wengine wanasema wanatoka kwa sababu ya michango

Ujerumani unaiona hii waziwazi. Kule aliyeandikishwa Mkatoliki au Mprotestanti anakatwa kodi ya kanisa, 8% au 9% ya kodi yake ya mapato kutegemea jimbo. Sasa kijana alibatizwa mchanga, hajakanyaga kanisani tangu kipaimara, anapata kazi ya kwanza, anafungua karatasi ya mshahara anaona kimstari cha makato ya kanisa. Anauliza kazini hiki nini, anaelezwa, wiki inayofuata yuko kwenye ofisi ya serikali na kitambulisho, anasaini, amekwisha toka. Mwaka 2022 waliotoka Kanisa Katoliki Ujerumani walikuwa 522,821.

Lakini usisome namba hiyo kama watu 522,821 walioacha kuamini mwaka huo. Wengine imani ilishaisha zamani, karatasi ya mshahara iliwakumbusha tu, na wengine wanaamini mpaka leo ila wamekasirika. Rudi swali la kwanza, hapo kinachopimwa ni kujitambulisha.

Mbona hawaendi ibada ila nyota na tarot (karata za kubashiri) wanafuatilia?

Kwa sababu nyota hazikuombi chochote na zinakuongelea wewe. Pew mwaka 2025 walisema 30% ya watu wazima Marekani wanacheki nyota, tarot au mpiga ramli angalau mara moja kwa mwaka, wengi wakisema ni kujifurahisha tu, na wasichana ndio wako mbele. Mimi silioni kama dini mpya. Ni kijana anayetafuta mtu wa kumwambia "wewe uko hivi na haya yatapita", kazi ambayo zamani ilifanywa na shangazi au padri. Ikianza kumla hela, au akawa hawezi kuamua jambo bila kuangalia, hapo ndio kuna ishu.

## Wanaorudi na wanaoingia

Nasikia sasa hivi vijana wanarudi kwa fujo, ni kweli?

Kuna sehemu kuna kitu kinaendelea. Ufaransa Pasaka ya 2025 Kanisa Katoliki lilibatiza watu wazima 10,384, ongezeko la 45% kwa mwaka mmoja, na kundi kubwa lilikuwa la miaka 18 mpaka 25. Hao walikuwa hawajawahi kubatizwa, kwa hiyo sio kurudi, ni kuingia. Agosti ya mwaka huohuo Roma palijaa vijana karibu milioni moja pale Tor Vergata kwenye jubilei yao na Papa Leo XIV, na mwezi uliofuata Carlo Acutis, kijana aliyekuwa anatengeneza tovuti na akafariki kwa saratani ya damu akiwa na miaka 15 mwaka 2006, akatangazwa mtakatifu.

Ila punguza vigelegele. Elfu kumi kwenye nchi ya watu zaidi ya milioni 60 hawazibi pengo la watoto wasiobatizwa. Uingereza nako ilitoka ripoti mwaka 2025 kwamba vijana wanaoenda kanisani wameongezeka mara nne, ikashangiliwa dunia nzima, halafu watafiti wengine wakaonyesha kwamba tafiti zinazochagua watu kwa bahati nasibu haziyaoni hayo. Ukiona namba tamu inayotokana na watu waliojiandikisha wenyewe kujibu maswali mtandaoni, shika breki.

Kinachonivutia mimi ni hao wanaoingia wanataka nini. Mara nyingi hawaendi kule kulikolegezwa. Wanaenda kwenye kufunga, sala za saa maalum, lugha za zamani, mavazi. Aliyechagua mwenyewe anataka kitu chenye uzito, akikuta mahali panajikombakomba kwake na taa za disko anaona hapa sina la kufuata.

Wasichana na wavulana wako sawa?

Zamani karibu kila utafiti wa Wakristo ulionyesha wanawake wanashika dini kuliko wanaume. Kwa vijana wa Marekani pengo hilo limepungua sana, wasichana wengi wanatoka wakitaja nafasi ya mwanamke kwenye uongozi na jinsi malalamiko yao yanavyopokelewa. Kwenye Uislamu kulinganisha ni kugumu zaidi kwa sababu swala ya Ijumaa ni wajibu kwa mwanamume na sio kwa mwanamke, ukihesabu vichwa msikitini umeshapotoka.

Nikifanya kutafakari au yoga nimehama dini?

Mengi ya kutafakari kunakofundishwa hospitalini na maofisini yanatokana na programu aliyoanzisha Jon Kabat-Zinn kwenye chuo kikuu cha Massachusetts mwaka 1979, aliyachukua kwenye Ubudha akayavua maneno ya dini ili yatumike kwa wagonjwa wa maumivu sugu. Yoga nayo imetoka India kwenye mapokeo ya Kihindu na mengine. Kunyoosha mgongo na kuhesabu pumzi hakukuandikishi popote. Lakini yapo madarasa yenye nyimbo za miungu na mafundisho kamili, na pia viongozi wa dini yako wanaweza wakawa na msimamo. Uliza mwalimu anafundisha nini kabla hujalipia.

## Nyumbani

Mwanangu amegoma kwenda ibada. Nimlazimishe?

Mama, baba, kwanza jua amegoma nini. Kuamka mapema? Kikundi cha vijana ambako anachekwa? Au ameacha kuamini? Kila moja lina dawa yake na wazazi wengi wanatibu la tatu wakati ugonjwa ni la pili.

Ukimlazimisha wa miaka 9 atazoea. Ukimlazimisha wa miaka 16 atakuja, atakaa na simu chini ya benchi, na siku akihama nyumbani ndio mwisho. Kuna utafiti mmoja mrefu uliofuatilia familia za kusini mwa California tangu 1970, vizazi na vizazi, ukakuta watoto wanaobaki kwenye imani ya nyumbani mara nyingi ni wale waliokuwa na uhusiano wa karibu na mzazi, hasa baba. Baba mcha Mungu lakini mkali na wa mbali alipitisha kidogo kuliko alivyodhani. Kwa hiyo kama lazima uchague kati ya kushinda mabishano ya Jumapili asubuhi na mtoto kuendelea kukuongelesha, chagua la pili. Makubaliano ya kati yapo, kwa mfano sikukuu kubwa anakuja na familia, siku nyingine anaachiwa, na kumdharau anayesali ni marufuku kwake kama wewe kumdharau asiyesali.

Mimi ni kijana, siamini tena. Niwaambie wazazi?

Angalia usalama wako kwanza. Nani anakulipia ada, unalala wapi, wakikasirika wanaweza kufanya nini? Kama jibu ni kufukuzwa au kupigwa, kusubiri mpaka ujitegemee sio unafiki. Na sheria, kuna nchi ambazo kuacha dini ni kosa la jinai na chache kati yake adhabu iliyoandikwa ni kifo, japo Azimio la Haki za Binadamu la 1948 kifungu cha 18 linasema kila mtu ana haki ya kubadili dini yake. Azimio halitakuja kukufungulia mlango usiku, kwa hiyo kuwa makini na unachoandika mtandaoni kwa jina lako.

Kama nyumbani ni salama, anza na mmoja, yule anayesikiliza. Usiwaambie siku ya sikukuu mbele ya wageni na usije na hoja ishirini. Sema kile ulichonacho, "kwa sasa siwezi kusema naamini, sitaki kuwadanganya". Wengi wanachosikia ni kwamba unawakataa wao, hilo ndio la kuwatoa hofu.

Mtoto ana haki ya kuchagua kabla ya kufika miaka 18?

Mkataba wa Haki za Mtoto wa 1989, kifungu cha 14, unampa mtoto uhuru wa mawazo, dhamiri na dini, na hapohapo unatambua wazazi wana haki ya kumwongoza kulingana na anavyokua. Nchi zinatofautiana kwenye lini mwongozo unaisha. Ujerumani kwa sheria ya 1921 kijana wa miaka 14 anaamua dini yake mwenyewe, na tangu 12 hawezi kubadilishwa bila ridhaa yake. Kwingine sheria iko kimya na mzazi ndio mwenye neno mpaka utu uzima.

Mchumba wangu ni wa dini nyingine, tufanyeje?

Mapenzi hayana tatizo, tatizo linaanza mtoto akizaliwa. Ongeeni kabla ya harusi, watoto watalelewaje, sikukuu zipi nyumbani, chakula gani hakiingii, na mmoja akibadilika baadaye itakuwaje. Anayekuambia "tutaona mbele ya safari" kuhusu watoto ameshaona, hajakuambia tu.

Nina msongo wa mawazo, naambiwa nisali tu itatosha

Sali kama unasali, na nenda kwa daktari. Havigombani. Watafiti wa Harvard mwaka 2018 walichapisha kwamba waliokuwa wanahudhuria ibada kila wiki au kusali kila siku utotoni na ujanani waliripoti furaha zaidi walipofika miaka ya ishirini, kwa hiyo sio kwamba dini haisaidii. Ila wanaopima wastani hawakupimi wewe. Na kuna waliougua kwa sababu ya dini yenyewe, vitisho vya moto usiku na mchana, kijana anayeambiwa ugonjwa wake ni dhambi. Yeyote anayekuambia uache dawa ili kuthibitisha imani, ondoka hapo ulipo, kisha soma swali linalofuata.

## Ya pembeni

Nitajuaje kikundi nilichoingia sio salama?

Usiangalie mafundisho ya ajabu, kila dini inayo kwa asiye wa humo. Angalia mlango wa kutokea. Je unaweza kukosa wiki mbili bila kufuatwa? Unaweza kumuuliza kiongozi hela zimeenda wapi? Waliotoka wanaongelewaje, kama watu au kama maiti? Umeshaambiwa ukate mawasiliano na ndugu, uache shule, ukabidhi simu au hati zako? Kuna mtu mmoja ambaye akisema Mungu kasema hamna wa kupima?

Jonestown, Guyana, kwenye kambi ya kikundi cha dini, mwaka 1978 walikufa watu zaidi ya 900, na wengi walianza kwa kutafuta usawa na upendo wa kweli. Shakahola, Kenya, mwaka 2023 ilifukuliwa miili zaidi ya 400. Wanaonaswa sio wajinga, mara nyingi ni wakarimu waliofika wakati mbaya wa maisha yao. Kama una rafiki huko ndani usimtukanie kiongozi wake, atakukata. Baki kuwa mtu anayeweza kupigiwa simu saa yoyote.

Naenda kwa ajili ya kwaya na marafiki tu, imani sina. Ni mnafiki?

Unafiki ni kujifanya ili upate faida kwa mgongo wa wengine. Kuimba sauti ya tatu na watu unaowapenda sio hivyo. Pale mbele wakikuomba ufundishe watoto au utoe ushuhuda, hapo sema ukweli kwamba hiyo huiwezi.

Nikirudi baada ya miaka mingi, naanza upya?

Kwa Wakatoliki ubatizo haurudiwi, ukishabatizwa umebatizwa, unaongea na padri na unaungama. Aliyetoka rasmi kwa karatasi kama wale wa Ujerumani anaonana na padri kisha anaandikishwa tena. Kwenye Uislamu mlango wa toba uko wazi, na aliyekuwa ametoka kabisa anatamka shahada tena. Makanisa mengine yatataka madarasa au ubatizo wao wa maji mengi, uliza kabla. Na ukienda ukapokewa kwa maswali ya polisi, jaribu mahali pengine pa dini hiyohiyo.

Mimi sina dini ila familia yangu wanayo. Nikifa nani anaamua nazikwaje?

Nchi nyingi anaamua ndugu wa karibu, na wao watafanya wanachojua. Kama una matakwa yako andika, weka tarehe na saini, mpe nakala mtu atakayekuwepo na asiyeogopa wajomba. Usiiweke kwenye wosia tu maana mara nyingi wosia unafunguliwa mazishi yameshapita. Na kama hujali, andika hivyohivyo kwamba hujali, wafanye kinachowafariji, utakuwa umewaokolea ugomvi.